YAH: Kuondolewa Kwenye Usaili

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia jioni, simu mkononi. Aliketi barazani akanionyesha maneno machache yaliyotokea kwenye akaunti yake ya maombi ya kazi: ameondolewa kwa kukiuka taratibu za usaili. Basi. Hakuna tarehe ya kosa, hakuna aliyetajwa kuwa ndiye aliyeamua, hakuna mahali pa kupeleka malalamiko. Anachokumbuka ni kwamba siku ya usaili wa kuandika simu yake ililia ikiwa ndani ya begi, na begi lilikuwa mbele ya chumba, palepale walipoamriwa kuyaacha yote. Msimamizi aliuliza ni ya nani, yeye akanyoosha mkono. Akaachwa aendelee mpaka mwisho. Wiki kadhaa zikapita ndipo yakaja hayo maneno.

Taasisi iliyomsaili siitaji, maana sijasikia upande wake. Nyumbani kwao kikao kilishafanyika na uamuzi ukatoka: atafutwe mtu. Ndiyo sababu ya kutumwa kwangu. Nimefanya kazi ya afisa utumishi kwenye halmashauri kwa miaka mingi, na mtaani inaaminika kwamba nina namba za simu za wakubwa.

"Mzee, ukimpigia hata mmoja tu," aliniambia.

Nilimwuliza kama ana chochote kwenye karatasi. Hana. Aliponiuliza karatasi itamsaidia nini, nikaona kwamba jibu lake siwezi kulitoa kwa sentensi moja, kwa sababu mimi mwenyewe nililipata kwa kuzungushwa.

Wapo watakaomwambia aombe tena, mambo yaishe. Wanaosema hivyo hawajatazama hesabu. Machi 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania iliendesha usaili wa kuandika kwa nafasi 1,596, na walioomba walikuwa 135,027. Hiyo ni zaidi ya watu 80 kwa kila kiti kimoja. Juni 2014 zaidi ya watu 10,000 walijaza viti vya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakiwania nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Kwenye umati wa namna hiyo, mtu mmoja akiondolewa hakuna anayeshtuka. Wasahihishaji wamepunguziwa karatasi, na waliobaki wamepunguziwa mshindani. Hakuna mtu ndani ya chumba kile mwenye sababu ya kuuliza kulikoni, isipokuwa yule aliyetolewa.

Mimi niliondolewa mwishoni mwa miaka ya 2000, kabla Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma haijaanza kazi mwaka 2010. Siku zile kila taasisi ilitangaza nafasi zake gazetini, ikapokea bahasha zake, ikatunga maswali yake na kusaili yenyewe. Usaili wetu ulifanyika Jumamosi kwenye madarasa ya shule moja ya sekondari. Tuliwekwa kwenye madawati ya wanafunzi, yale ya mbao yenye uvungu wa kuwekea madaftari. Ukipitisha mkono kwenye uvungu wa dawati la shule unajua utakachokuta: maganda ya karanga, kalamu iliyokufa, kipande cha rula. Kwenye langu kulikuwa na karatasi pia. Sikuijua mpaka msimamizi alipopita akichungulia dawati moja baada ya jingine, akaingiza mkono, akaitoa.

Ilikuwa imekunjwa mara nne. Alipoikunjua niliiona vizuri, maana alisimama ubavuni kwangu. Karatasi ya daftari la mistari, wino wa bluu, mchoro wa mlima, wingu na bahari, mishale ikipanda na kushuka. Mzunguko wa maji. Kwenye kona ya juu kulikuwa na vema ya wino mwekundu na alama: 7/10. Swali nililokuwa nalijibu lilihusu utunzaji wa kumbukumbu za ofisi.

Msimamizi aliikunja tena kabla sijamaliza kusema "hiyo si yangu". Aliandika namba yangu ya usaili mgongoni mwake, kisha akaandika mstari mmoja kwenye karatasi ya taarifa: mtahiniwa amekutwa na karatasi yenye maandishi. Akaniambia nisaini. Niliomba niongeze neno chini yake. "Maelezo utatoa huko mbele," alinijibu. Nikasaini, nikaendelea na maswali huku mkono ukitetemeka, nikaamini kwamba huko mbele kupo.

Nimeufikiria sana ule mstari mmoja kuliko nilivyoyafikiria maswali yote ya siku ile. Haukuwa na uongo hata chembe. Nilikutwa na karatasi, na karatasi ilikuwa na maandishi. Watu wanapozungumzia kuonewa kwenye mitihani hudhani lazima awepo mwenye chuki, mwenye ndugu yake anayemtafutia nafasi, mwenye kuchomeka ushahidi. Mimi simdhanii yule msimamizi lolote la namna hiyo. Alikuwa na vyumba viwili vya kuangalia, jua linawaka, na alikuwa ameagizwa kukamata. Alikamata. Kilichobaki nje ya taarifa yake ni kile tu kilichoandikwa kwenye ile karatasi, na hicho ndicho kilikuwa kesi nzima.

Barua ilikuja kwenye bahasha ya kaki. Ilianza na Kumb. Na., ikafuata YAH: KUONDOLEWA KWENYE USAILI KWA KOSA LA UDANGANYIFU. Chini yake mistari isiyozidi minne: kamati imejiridhisha, umeondolewa, na hutaruhusiwa kuomba kazi kwenye taasisi hiyo kwa miaka mitatu. Angalia safari iliyofanyika hapo. Chumba cha mtihani kilitoa "karatasi yenye maandishi". Kufika kwenye barua imekuwa "udanganyifu". Kati ya hayo mawili kuna meza ambayo sikuwahi kuitwa mbele yake, na watu waliojiridhisha bila mimi kujua walijiridhisha kwa nini.

Nyumbani mama aliwaambia majirani kwamba bado sijaitwa. Hilo liliniuma kuliko barua. Kukosa kazi ni jambo la kawaida, kila nyumba ina mtu wake aliyekosa. Lakini barua ile haikusema nimekosa, ilisema nimedanganya, na mama alijua kwamba neno kama hilo likishatoka nje halirudi. Rafiki zangu hawakulitilia maanani. Kwao kazi ilikuwa ni koneksheni, na mimi sikuwa na wa kunishika mkono, kwa hiyo sababu yoyote iliyoandikwa ilikuwa ni urembo tu. Mawazo hayo yanampa mtu faraja ya haraka. Pia yanamwondolea shughuli ya kuandika barua.

Aliyenitoa hapo ni mjomba, kaka yake mama, aliyestaafu ukarani wa mahakama ya mwanzo akahamia shambani kwake Korogwe. Nilikwenda na rasimu yangu mfukoni. Niliipenda sana rasimu ile. Ilijaa unyenyekevu, ikitaja hali ya nyumbani, wadogo zangu, na ahadi kwamba jambo hilo halitajirudia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Lete hiyo barua."

Aliisoma mpaka mwisho bila kusema kitu, miwani imeshuka puani. Kisha akaniuliza, "Uliangalizia?"

"Hapana, mjomba."

"Sasa kisichojirudia ni kipi?"

Sikuwa na jibu. Akaigeuza karatasi, akaanza kuandika mgongoni mwake kwa mwandiko wake wa hukumu, mkubwa na wa kulala. Barua yangu isiombe huruma, iombe nakala. Nakala ya taarifa ya msimamizi. Nakala ya karatasi ninayodaiwa kukutwa nayo. Kanuni iliyotumika kuniadhibu, na kifungu chake. Mwisho, niseme kwamba napinga uamuzi na naomba kusikilizwa kabla haujawa wa mwisho. Hakuna wadogo zangu humo, hakuna hali ya nyumbani. "Ukiwaambia shida zako watakuhurumia," alisema, "na mtu akishakuhurumia hakusomi tena."

Jioni ile alinieleza pia kwamba hata Adamu, pamoja na kwamba aliyemshtaki anajua kila kitu, aliitwa kwanza na kuulizwa kama amekula lile tunda. Nilidhani ni hekima yake ya Korogwe. Miaka mingi baadaye nilikuja kukuta kwamba mfano huo umezeeka mahakamani: ulitolewa Uingereza mwaka 1723, kwenye shauri la msomi Richard Bentley, aliyenyang'anywa shahada zake na Chuo Kikuu cha Cambridge bila kuitwa kujieleza. Mahakama ilisema alistahili kusikilizwa, na shahada zake zikarudi. Bila shaka mjomba aliupata kwa hakimu fulani, naye hakimu kwa mwalimu wake.

Nilirudi Dar es Salaam na barua mpya na nakala yake. Mjomba alikuwa amenisisitizia kwamba nakala ibaki kwangu ikiwa imegongwa muhuri wa "Imepokelewa" na tarehe. Mama wa masjala alipokea barua, akakataa kugonga nakala. "Hatugongi muhuri karatasi ya mtu," alisema. Nikakaa kwenye benchi la korido. Watu waliingia na kutoka, chai ikaja ikaondoka. Karibu na saa ya chakula aliniita, akagonga, nadhani kwa sababu alitaka kufunga mlango na mimi nilikuwa nimekaa mlangoni. Lakini kabla ya kunirudishia alitazama barua yangu akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hujaweka kumbukumbu namba yao hapa juu. Hii itafunguliwa faili jipya, na faili jipya litakaa humo peke yake mpaka mimi nistaafu. Andika namba ya barua yao, iingie kwenye faili lilelile."

Nikaandika kwa kalamu, palepale. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye utumishi sijapata ushauri wa kiofisi uliozidi ule. Uamuzi wa serikali unaishi ndani ya faili, na anayeufungua kesho atasoma kilichomo, folio kwa folio. Kama humo mna taarifa ya msimamizi na barua ya kamati peke yake, basi ulimwengu mzima wa kesi yako ni hayo makaratasi mawili. Barua yako ikiingia katikati yake, hata kama hakuna anayeijibu, kila atakayeandika dokezo baada ya hapo itabidi ama aijibu ama aonekane ameiruka.

Jibu la kwanza lilisema nilichoomba ni nyaraka za ndani na hazitolewi. Kwa wakati ule sikuwa na sheria ya kuwanyooshea. Leo ipo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na inaipa taasisi siku 30 za kujibu. Ina mianya na ina vizuizi vyake, na nimeona maafisa wenzangu wakiishi ndani ya vizuizi hivyo, ila angalau anayenyimwa siku hizi ananyimwa kwa kifungu.

Kilichonishangaza zaidi nilipoanza kuulizia ni kwamba sikuwa na pa kukanyaga. Mwanafunzi wa chuo akituhumiwa kudanganya kwenye mtihani, chuo kina kamati yake na ngazi yake ya rufaa. Mtumishi wa umma akituhumiwa anapewa hati ya mashtaka, anapewa muda wa kujitetea, inaundwa kamati ya uchunguzi, na asiporidhika anakwenda Tume ya Utumishi wa Umma na kuendelea. Mwombaji wa kazi hayupo upande wowote. Chuo kimeshamaliza naye na serikali haijampokea. Ukimuuliza afisa kwa nini mwombaji hakuitwa kujitetea, atakujibu kwa moyo mweupe kabisa: yule si mtumishi wetu. Nami nimewahi kusikia jibu hilo nikiwa tayari naketi kwenye viti vyao.

Wakili wa kituo kimoja cha msaada wa kisheria, dada mtulivu aliyekuwa akila mahindi ya kuchemsha huku ananisikiliza, ndiye aliyenifungua macho. Alisema hoja yao ina nusu ya ukweli. Akanisimulia shauri la Uingereza la mwaka 1978, la bwana McInnes, aliyeomba mara kwa mara leseni ya umeneja wa mabondia akawa ananyimwa bila kuambiwa sababu. Mahakama ilimwambia kwamba mwombaji tu, asiyenyang'anywa kitu alichonacho, hana haki ya kudai kikao wala sababu. Inatosha afikiriwe kwa uaminifu na bila upendeleo. Nikakata tamaa hapohapo. "Subiri," alisema. Jaji yule alitazama pia kama kunyimwa leseni kumemchafulia McInnes jina, akaona hakukumchafulia. Mtu anaweza kunyimwa leseni kwa sababu mia zisizo za aibu. "Wewe wangekuandikia tu kwamba hukuchaguliwa, nisingekuwa na la kukusaidia. Lakini wamekuandikia udanganyifu. Hapo wamekuhukumu, na hukumu ina masharti yake."

Masharti hayo kwetu yamo ndani ya Katiba, ibara ya 13(6)(a), iliyoingia pamoja na haki za msingi mwaka 1984. Inasema kwamba haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika, mtu huyo apewe nafasi ya kusikilizwa kikamilifu, na awe na njia ya rufaa au nafuu nyingine ya kisheria. Yule dada alikuwa pia na uamuzi wa Mahakama ya Rufani kwenye shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts, uliotamka kwamba kwa Tanzania haki ya kusikilizwa si kanuni ya desturi ya mahakama tu. Imekuwa haki ya kikatiba. Wenzetu wa Kenya wameliweka jambo hili wazi zaidi kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 47, inayompa aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, kisha wakalitungia sheria yake mwaka 2015. Sisi bado tunaokoteza vipande.

Barua yangu iliyotaja ibara hiyo ilijibiwa upesi kuliko zile za kwanza. Nikaitwa.

Kikao cha kwanza hakikuchukua muda. Nilipoingia nilimwona msimamizi wangu ameketi mwisho wa meza, daftari wazi mbele yake. Ndiye aliyekuwa katibu wa kikao. Ndiye ambaye angeandika nilichosema. Dada wa msaada wa kisheria alikuwa amelitabiri hilo, au tuseme alikuwa ameshaliona mara nyingi, na alikuwa ameniandikia sentensi ya kusema na ya kuwakabidhi ikiwa imesainiwa: naomba kumbukumbu za kikao zionyeshe kwamba aliyenituhumu ni mjumbe wa kikao hiki. Mwenyekiti alikasirika. Alisema katibu hapigi kura. Nikairudia sentensi, kwa sababu sikuwa na nyingine. Wakanong'onezana, yule bwana akafunga daftari lake akatoka, na kikao kikaahirishwa mpaka apatikane katibu mwingine.

Inawezekana kabisa kwamba angeandika kwa haki. Lakini mtu aliyekutuhumu, akiwa ndiye mshika kalamu, hahitaji ubaya wowote ili akuandike vibaya. Anasikia unachosema kupitia anachokijua tayari.

Kikao cha pili ndicho kilichofungua bahasha. Ilikuwa imefungwa kwa pini, na kutu ya pini ilikuwa imeacha alama ya kahawia kwenye karatasi. Nilimtazama mwenyekiti akiikunjua, na nikaona kwa uso wake kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuitia machoni. Wale waliojiridhisha walijiridhisha kwa ule mstari mmoja. Miezi yote ile karatasi iliyofanya niitwe mdanganyifu ilikuwa haijasomwa na mtu.

Akampa mjumbe wa kulia kwake, mama mmoja mtu mzima. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliwahi kuwa mwalimu. Aliitazama, akaigeuza, akairudia.

"Hii ni jiografia ya sekondari," alisema. "Tena imesahihishwa." Akamgeukia mwenyekiti. "Nani anasahihishiwa karatasi ya kuangalizia?"

Mmoja alicheka, kisha akajizuia. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mwandiko wangu, kuomba ulinganishwe, kuonyesha kwamba hakuna swali la mzunguko wa maji. Sikupata nafasi ya kuyasema hayo, na sikuwa na haja nayo.

Barua ya mwisho ilisema uamuzi wa awali umetenguliwa na zuio la miaka mitatu limeondolewa. Haikusema nani alikosea wala haikutaja nafasi niliyoiwania. Nafasi zilikuwa zimeshajazwa, walioajiriwa walikuwa wameshapokea mishahara, na hakuna mtu angewatoa kwa ajili yangu. Nami nisingetaka watolewe. Karatasi yangu ya majibu sikuambiwa kama iliwahi kusahihishwa. Mjomba nilipomsomea barua kwa simu alisema, "Hiyo ifotokopi nyingi." Mama ndiye aliyeitumia vizuri kuliko sote: aliitembeza.

Kwa hiyo ninapomweleza mtu afanye nini, namwambia pia asichotegemea. Hata ukifika Mahakama Kuu hali ni hiyohiyo. Unaomba kwanza kibali cha kuupinga uamuzi, na kwa kanuni za mwaka 2014 unakiomba ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Ukiupitisha muda huo ukiwa unatafuta mtu wa kukupigia simu, umekwisha. Ukipata kibali, mahakama haisahihishi mtihani wako wala haikupi kazi. Inatazama namna uamuzi ulivyofikiwa, na ikiona umefikiwa vibaya inautengua na kuurudisha kwa walewale wauamue upya. Wengi wakisikia hivyo husema haina faida. Faida yake wanaiona wakijaza fomu ya kazi nyingine, pale panapoulizwa kama umewahi kuondolewa kwenye usaili wowote kwa utovu wa nidhamu.

Baadaye niliajiriwa kwingine, nikahamia upande wa pili wa meza, na huko nikajifunza kwamba wasimamizi nao wana hofu zao za kweli. Udanganyifu upo na ni mkubwa. Mwaka 2022 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya watahiniwa 2,194 wa darasa la saba, na hao ni watoto. Kwa watu wazima wanaogombea mshahara wa mpaka uzeeni hali haiwezi kuwa ya malaika. Mkubwa wangu mmoja alizoea kuniambia kwamba tukianza kumsikiliza kila anayekamatwa hatutamaliza usaili. Nilimtafutia jibu, nikalikuta India, nchi yenye mitihani ya umma kuliko karibu zote. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya huko ilithibitisha kutenguliwa kwa uamuzi wa bodi iliyofuta matokeo ya watahiniwa watatu kwa udanganyifu bila kuwapa nafasi ya kujieleza. Mwaka 1970, kwenye shauri la jimbo la Bihar, mahakama hiyohiyo ilikataa kuwatetea watahiniwa wa kituo ambacho karibu wote walikuwa wamepata alama za ajabu: ilisema mtihani wa kituo kizima ukiharibika, bodi inaweza kuufuta bila kumwita mmoja mmoja, kwa kuwa hakuna anayenyooshewa kidole. Mkubwa wangu alipenda la pili. Nikamwonyesha kwamba yote mawili yanakubaliana. Ukifuta mtihani mzima umefuta mtihani. Ukimtoa mtu mmoja kwa jina lake na kumwita mwizi, huyo unamdai maelezo naye anakudai maelezo.

Nilipopewa kusimamia usaili wa watendaji wa vijiji, siku ya kukamata na mimi ilinifikia. Kijana mmoja alikuwa na kikokotoo, na ndani ya mfuniko wake amebandika karatasi iliyochapwa kwa herufi ndogo sana. Msimamizi mwenzangu alishaanza kuandika: amekamatwa na karatasi. Nilimwomba asubiri, nikaisoma yote. Ilikuwa na majukumu ya mtendaji wa kijiji, taratibu za mkutano mkuu wa kijiji na aina za mapato. Nikaandika ni maswali gani ya mtihani wetu yanajibiwa na karatasi ile, nikataja saa, nikataja dawati, nikapiga picha mfuniko, nikamwachia mtahiniwa nafasi ya kuandika maneno yake mwenyewe kabla ya kusaini. Aliandika maneno mawili: "Ni yangu." Mwenzangu alinung'unika kwamba tumepoteza nusu saa kwa maneno mawili.

Kamati ilimwondoa. Wiki ya pili alikuja ofisini kuomba nakala. Nilimpa: kurasa mbili na picha. Alizisoma akiwa amesimama kaunta, akaniuliza kama anaruhusiwa kukata rufaa hata baada ya kukubali. Nikamwambia anaruhusiwa, nikamwonyesha aiandike kwa nani, nikamkumbusha aweke kumbukumbu namba yetu juu ya barua yake. Aliikata kweli, akidai kikokotoo alikiazima, na aliitwa akasikilizwa. Alishindwa. Safari hii kila aliyeketi kwenye meza ile alikuwa ameisoma karatasi.